Vinia za meno: Bei ya jino moja haitoshi kupima gharama

MSOMAJI wetu mmoja wa mtaa wa Kasarani, Nairobi, ametuandikia barua ndefu kuhusu meno yake. Ni mwalimu wa shule ya chekechea, umri wake miaka 27, na alilelewa Njoro katika Kaunti ya Nakuru. Kama walivyo wengi waliokulia sehemu hizo wakinywa maji ya visima, meno yake ya mbele yana madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki, kwa mkaa wala kwa magadi. Anasema amezoea kucheka akiwa amefunika mdomo kwa kiganja, na kwamba hana hata picha moja aliyopigwa akionyesha meno.

Desemba anaolewa. Zamu yake ya chama imefika na amepokea Sh90,000. Ametembelea kliniki mbili. Ya kwanza ilimwambia kwamba vinia za resini zitamgharimu Sh12,000 kwa kila jino, naye anahitaji meno sita ya juu. Ya pili ilimtajia Sh45,000 kwa kila jino kwa vinia za kauri, ikamshauri atengenezewe meno 10, na ikamhakikishia kwamba kauri ni ghali leo lakini mwishowe ndiyo rahisi. Sasa anauliza: je, akope katika Sacco ili aweke kauri, au aridhike na resini? Mwishoni mwa barua ameongeza swali la pili, ambalo huenda likawa na uzito kuliko la kwanza. Mtoto wa dada yake, ambaye anaishi naye, ana miaka miwili na anakunywa maji ya kisima cha jengo lao. Je, naye atapata meno kama yake?

Tumeamua kumjibu kupitia ukurasa huu kwa sababu maswali ya namna hii ni mengi, na matangazo ya tabasamu jeupe yamezidi kuongezeka mijini.

Kigae chembamba kama ukucha

Vinia ni kigae chembamba kinachogandishwa upande wa mbele wa jino ili kuficha rangi, mwanya, ufa au umbo baya. Unene wake aghalabu haufiki milimita moja. Ukitazama ukucha wa kidole chako utapata picha nzuri ya jambo lenyewe.

Ufundi huu ulianzia California, Marekani, ambako daktari wa meno Charles Pincus alitengeneza vigae vya kubandika kwenye meno ya waigizaji wa filamu mnamo 1928. Vilikuwa vya muda tu, vikibandikwa kwa unga wa kushikilia meno ya bandia na kuondolewa baada ya kupigwa picha. Gundi ya kudumu haikuwapo. Mwaka wa 1955 Michael Buonocore alionyesha kwamba ukiipaka enameli asidi, yaani lile ganda gumu la nje ya jino, hupata vishimo vidogo sana ambavyo gundi ya resini inaweza kung'ang'ania. Mapema katika miaka ya 1980 ikagunduliwa kwamba kauri nayo inaweza kutayarishwa kwa asidi kali na kushikana na gundi hiyo. Hapo ndipo vinia za kudumu zilipozaliwa.

Historia hii tunaitaja kwa sababu moja. Kinachoishikilia vinia ni enameli. Mahali enameli ilipo nzima, gundi hushika barabara. Mahali imekwanguliwa hadi dentini, ile sehemu laini zaidi iliyo chini yake, mshiko hupungua. Msomaji akiliweka hili akilini ataelewa kwa nini bei mbili zinazoonekana kutofautiana kwa fedha tu zinatofautiana pia katika mambo ambayo hayaandikwi kwenye risiti.

Kwa nini moja ni mara nne ya nyingine

Vinia ya resini hutengenezwa mdomoni na daktari mwenyewe. Hulipaka jino asidi, huosha, hutia gundi, kisha hujenga resini tabaka kwa tabaka na kuikausha kwa taa ya mwanga wa buluu. Kazi huisha kwa siku moja, na mara nyingi jino halikatwi kabisa au hukwanguliwa kidogo tu. Unachokilipia hasa ni saa za daktari na mkono wake. Resini yenyewe si ghali kama watu wanavyodhani. Ndiyo maana madaktari wawili waliotumia dawa ya kampuni moja wanaweza kutoa kazi mbili zisizofanana hata kidogo, na ndiyo maana ni vyema kuomba kuonyeshwa picha za wagonjwa ambao daktari huyo huyo aliwahi kuwatengeneza, hasa baada ya miaka miwili au mitatu.

Udhaifu wa resini ni kwamba hunyonya rangi. Chai ya rangi, kahawa, sigara na miraa huacha alama. Pembe huvunjika, hasa kwa mtu mwenye tabia ya kufungua chupa au kukata uzi kwa meno. Lakini ikivunjika hurekebishwa papo hapo, pale tu palipovunjika, wala huhitaji kuanza upya.

Kauri ina safari ndefu. Daktari hukwangua sehemu ya mbele ya jino, kwa kawaida kati ya milimita 0.3 na 0.7, huchukua umbo la meno na kulipeleka maabara. Huko fundi wa meno hutengeneza vigae, kimoja kwa kila jino. Mgonjwa hukaa na vigae vya muda kwa siku kadhaa au wiki mbili hivi, kisha hurudi kubandikwa vya kudumu. Kwa hiyo unamlipa daktari, unamlipa fundi, unalipia mali inayotoka ng'ambo na unalipia ziara mbili au zaidi. Kauri hainyonyi rangi, hung'aa kama jino halisi na huchukua muda mrefu. Ikipasuka, hata hivyo, aghalabu hutolewa yote na kutengenezwa nyingine.

Hata kauri zenyewe si za aina moja. Kuna ile ya feldispa, ambayo fundi huijenga kwa brashi tabaka baada ya tabaka. Ndiyo inayovutia zaidi na pia ndiyo dhaifu zaidi kabla ya kubandikwa. Kuna ya lithiamu, ambayo husukumwa ndani ya kalibu au kuchongwa kwa mashine ya kompyuta. Ni ngumu zaidi na hutumika sana siku hizi. Kuna pia zirkonia, ngumu kupita zote, lakini asidi inayotumika kuitayarisha kauri ya kawaida haiiwezi, kwa hiyo kubandika kigae chembamba cha zirkonia huhitaji utaratibu mwingine. Kliniki ikikutajia "kauri" bila kusema ni ipi, hujajua bado unanunua nini.

Ziko pia vinia zinazotangazwa kwamba hazihitaji jino kukatwa hata kidogo. Zipo kweli, na kwa meno madogo au yenye mianya zinafaa. Kwa meno yenye madoa meusi kama ya mwalimu wetu ni shida, kwa kuwa kigae chembamba mno huruhusu rangi ya chini kuonekana, na kikiongezwa unene bila jino kupunguzwa mdomo huonekana umejaa.

Tupige hesabu

Sasa tuchukue zile bei mbili alizotajiwa msomaji wetu. Kliniki nyingine zinaweza kuwa juu au chini ya hapo, lakini njia ya kuhesabu ni ile ile.

Resini, meno sita kwa Sh12,000, ni Sh72,000. Madaktari wengi hukadiria kwamba vinia za resini hudumu miaka mitano hadi saba kabla ya kubadilishwa. Tukichukua miaka sita, ni sawa na Sh12,000 kwa kila mwaka wa kutabasamu.

Kauri, meno hayo hayo sita kwa Sh45,000, ni Sh270,000. Kauri iliyofanywa vizuri hukadiriwa kudumu miaka 10 hadi 15, na nyingine hupita hapo. Zikidumu miaka 15, ni Sh18,000 kwa mwaka. Zikidumu miaka 10, ni Sh27,000. Ili zilingane na resini kwa mwaka, ingebidi zikae mdomoni miaka 22 na nusu.

Mtu anaweza kusema tumeipendelea resini kwa kuwa huhitaji kung'arishwa mara kwa mara. Haya, tuongeze. Tuseme kila mwaka analipa Sh3,000 za kusuguliwa, mara tano katika ile miaka sita. Jumla ni Sh87,000, au Sh14,500 kwa mwaka. Bado iko chini. Kisha tukumbuke kwamba ana Sh90,000 tu. Sh180,000 zinazobaki itabidi azikope, na mkopo wa Sacco wa asilimia moja kwa mwezi kwa salio linalopungua, ukilipwa kwa miezi 36, utamtoza riba ya takriban Sh35,000. Kwa hiyo kauri zake zitapita Sh20,000 kwa mwaka hata zikidumu miaka 15.

Basi yule aliyemwambia kwamba kauri ni rahisi mwishowe hakupiga hesabu, au aliipiga kwa meno ya mtu mwingine. Maana msemo huo si uongo kila mahali. Ikiwa resini ni Sh12,000 na kauri Sh28,000, hesabu hugeuka: kauri ya miaka 15 itakugharimu chini ya Sh1,900 kwa mwaka kwa jino moja, na resini ya miaka sita Sh2,000. Kwa makadirio haya mpaka uko penye mara mbili na nusu. Kauri ikiwa ghali kuliko resini kwa chini ya hapo, inaweza kujilipa yenyewe. Ikizidi, kama hii ya karibu mara nne, unalipia uzuri na utulivu wa kutorudi kliniki mara kwa mara. Hivyo ni vitu halali vya kununua, mradi ujue ndivyo unavyonunua.

Na hayo meno 10? Kwa bei ile ni Sh450,000. Simama mbele ya kioo, ucheke kicheko chako cha kawaida, kisha uhesabu meno yanayoonekana. Kwa wengi ni sita au manane. Wapo wenye mdomo mpana ambao huonyesha 10, lakini kioo kitakuambia bila malipo.

Kabla ya kulinganisha kliniki na kliniki, hakikisha pia unalinganisha kitu kimoja. Wako wanaotaja bei ya vinia peke yake, halafu siku ya kazi ukakuta picha ya eksirei iko kando, kusafishwa ugaga kando, vigae vya muda kando na ziara ya kukaguliwa kando. Wengine hutaja bei kubwa ambayo ndani yake mna kila kitu pamoja na dhamana ya kutengenezewa tena bila malipo kigae kikitoka mwaka wa kwanza. Omba makadirio yaandikwe kwenye karatasi yenye jina la kliniki. Mtu anayesaga meno usingizini ahesabu na ile kinga ya plastiki ya kuvaa usiku, maana bila hiyo kauri ya pesa nyingi inaweza kupasuka mapema. Na usitegemee bima: bima nyingi za matibabu huhesabu vinia kuwa urembo, na wewe ndiwe utakayelipa kutoka mfukoni.

Gharama isiyo ya shilingi

Enameli haioti tena. Ukucha ukikatwa hukua, mfupa ukivunjika huunga, lakini enameli iliyokwanguliwa imekwenda. Jino lililokatwa kwa ajili ya kauri litahitaji kufunikwa maisha yote. Msomaji wetu ana miaka 27. Akijaliwa kufika 75 atakuwa ameishi na meno hayo miaka 48, na kwa kauri ya miaka 15 hilo ni kama seti tatu baada ya ile ya kwanza. Kila seti inapotolewa, kidogo cha jino huondoka nayo. Karibu na ufizi, enameli ya meno ya mbele kwa kawaida haifiki nusu milimita, kwa hiyo hakuna akiba kubwa ya kuchezea.

Meno yenye madoa mazito yana tatizo la ziada. Ili kuifunika rangi ya kahawia, fundi hulazimika kutengeneza kigae kizito zaidi, na kigae kizito kinahitaji nafasi, na nafasi hupatikana kwa kukata zaidi. Enameli iliyoathiriwa na floraidi nayo huikataa asidi kuliko enameli ya kawaida, hivyo daktari asiyeizoea anaweza kuitayarisha kwa muda mfupi mno na vigae vikaanza kutoka. Swali la kumuuliza daktari ni hili: je, umewahi kutengeneza meno ya watu wa Nakuru?

Kuna wanaopewa kofia huku wakiambiwa ni vinia. Kofia hufunika jino zima, mbele, nyuma na kandokando. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2002 na Edelhoff na Sorensen ulipima kiasi cha jino kinachoondolewa kwa kila njia. Kwa vinia ilikuwa kati ya asilimia 3 na 30, kutegemea aina ya ukataji. Kwa kofia ilikuwa kati ya asilimia 63 na 72. Katika miaka ya karibuni vijana wengi wa Uingereza wamesafiri hadi Uturuki kufuata bei nafuu, na chama cha madaktari wa meno cha huko kwao kimeonya kwamba baadhi yao walirudi na meno mazima yaliyochongwa yakabaki vijiti vya kuvalishwa kofia. Jino lililochongwa kiasi hicho liko katika hatari zaidi ya mshipa wake kufa, na hapo huja gharama ya kutibu mzizi, ambayo haikuwa katika bajeti ya mtu yeyote. Ukiambiwa "vinia", uliza kama upande wa nyuma wa jino utaguswa.

Ya mwisho katika orodha ya rahisi zinazogeuka ghali ni vigae vya plastiki vya kuvaa juu ya meno, vinavyoagizwa kwa simu, na mafundi wa vyumba vya urembo wanaobandika vinia bila kuwa madaktari. Chakula hukwama chini ya vigae hivyo, meno huoza gizani na ufizi huvimba. Marekani kwenyewe chama cha madaktari wa meno kimelazimika kuwaonya watu dhidi ya mafundi wa aina hiyo. Hapa Kenya daktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na sajili yake inaweza kukaguliwa na mwananchi yeyote.

Anza na isiyokata

Kwa mwalimu wetu, jibu letu si resini wala kauri, angalau si kwa sasa. Ameulizwa achague kati ya vitu viwili kabla ya kuonyeshwa vile vya kutangulia.

Madoa ya floraidi hutofautiana kwa kina. Mengi ya yale ya kahawia yako juu juu, kwenye tabaka la nje kabisa la enameli. Daktari anaweza kuyasugua kwa mchanganyiko wa asidi na unga wa kukwaruza, jino likiwa limekingwa kwa mpira ili dawa isiguse ufizi. Kinachoondoka ni sehemu ndogo sana ya milimita, na hakuna kigae kinachobandikwa. Kazi hii huweza kumalizika kwa ziara moja au mbili.

Baada ya hapo meno huweza kung'arishwa kwa dawa ya peroksaidi inayowekwa kwenye kibao laini cha plastiki kilichotengenezwa kwa umbo la meno ya mgonjwa, akakivaa usiku kwa wiki mbili au zaidi. Dawa hii haitoi doa jeupe, lakini huyafanya meno mengine yakaribiane nalo kwa rangi, hata jicho lisione tofauti. Meno huweza kuuma kidogo ukinywa maji baridi wakati wa matibabu. Maumivu hayo kwa kawaida hupita. Madoa meupe yanayobaki yanaweza kunyweshwa resini nyepesi kama maji inayopenya ndani ya enameli na kulifanya doa lififie. Kisha, kama kuna jino moja au mawili ambayo bado yana shimo au doa sugu, hayo ndiyo ya kujengewa resini, pale tu palipo na kasoro.

Ni watu wangapi walioingia kliniki wakitaka vinia sita na wakatoka wakiwa wametosheka bila hata moja? Madaktari wanaohudumia wagonjwa wa Bonde la Ufa wanawajua. Hii si ahadi kwamba kila mtu atafanikiwa. Meno yaliyoathirika vibaya, yaliyochimbika na kumeguka, hayawezi kuokolewa kwa kusuguliwa, na hayo ndiyo vinia au hata kofia ziliumbwa kwa ajili yake. Lakini hatua hizi hazifungi mlango wowote. Zikishindwa, resini bado ipo, na resini ikichoka, kauri bado ipo. Ukianza na kauri huwezi kurudi nyuma.

Ratiba nayo ni muhimu kwa bibi arusi. Resini haishiki vizuri kwenye jino lililotoka kung'arishwa, kwa hiyo husubiriwa wiki mbili hivi kabla ya kujengwa. Tena vinia haibadiliki rangi kwa dawa ya kung'arisha. Ukibandika kwanza kisha ukang'arisha meno ya jirani, utabaki na mdomo wa rangi mbili. Asianze basi Novemba. Aanze miezi mitatu au minne kabla, kwa kusafishwa na kutibiwa meno yaliyooza na ufizi unaotoka damu, kwa kuwa hakuna kinachobandikwa juu ya ugonjwa kikakaa.

Akiona ada za kliniki za binafsi zimemzidi, Hospitali ya Meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako wanafunzi hutibu wakisimamiwa na wahadhiri, ni mahali pa kuulizia. Huko foleni huwa ndefu na kazi huenda polepole.

Kuhusu mtoto

Meno ya kudumu ya mbele hujengeka ndani ya taya tangu mtoto akiwa na miezi michache hadi umri wa miaka minne au mitano hivi, na mengine huendelea hadi karibu miaka minane. Floraidi nyingi anayokunywa katika miaka hiyo ndiyo huacha madoa, ingawa hutaona lolote mpaka jino litokeze akiwa na miaka sita au saba. Mtoto wa miaka miwili yuko katikati kabisa ya hatari.

Kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni kisichozidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita moja ya maji. Visima vingi vya Bonde la Ufa huzidi hapo, na si siri kwamba hata hapa Nairobi visima virefu vinavyochimbwa katika mitaa na majengo ya kupangisha vinaweza kuzidi. Maji huweza kuwa maangavu, matamu, yasiyo na kijidudu hata kimoja, na bado yakawa na floraidi. Kuyachemsha hakusaidii, maji hupungua kwa mvuke na floraidi ikabaki, kwa hiyo huongezeka makali. Vichujio vya kawaida vya mshumaa navyo haviiondoi. Kinachoiondoa ni vichujio vya mkaa wa mifupa, ambavyo vimetumika sana Nakuru, au mitambo ya kuchuja kwa shinikizo kama ile ya viwanda vya maji ya chupa.

Dada huyu amwombe mwenye nyumba cheti cha maabara cha maji ya kisima, na aangalie mstari wa floraidi peke yake. Kama hakuna cheti, sampuli inaweza kupelekwa maabara ya maji ikapimwa. Wakati akisubiri, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi hayana floraidi ya kutajika, na anaweza kuyachemsha kwa ajili ya kunywa, uji na chai ya mtoto peke yake. Ya kuoga na kufua yaendelee kutoka kisimani. Dawa ya meno asiitupe. Yenye floraidi huzuia meno kuoza, ila kwa mtoto wa umri huo itiwe kiasi cha punje ya mchele kwenye mswaki, na mtu mzima ndiye ampigishe.